Feni za kompyuta ya mezani zinavuma na kasha lina moto: nianzie wapi?

Swali: Kompyuta yangu ya mezani ina miaka minne. Zamani ilikuwa kimya. Siku hizi nikifungua mchezo au nikihariri video feni zinapanda na kushuka bila kutulia, na nikipitisha mkono nyuma ya kasha nakutana na hewa ya moto. Prosesa inafika nyuzi 92. Ndani kuna feni ya prosesa ileile iliyokuja nayo, kadi ya michoro yenye feni mbili, feni moja mbele na moja nyuma. Rafiki ananishauri niongeze feni mbili. Nifanye hivyo?

Jibu: Ndugu, feni hizo usizinunue kwanza. Mashine yako ilikuwa kimya ikiwa na feni hizihizi, kwa hiyo kuna kitu kilichobadilika ndani ya miaka hiyo minne: vumbi limeziba njia, pesti ya joto (dawa inayopakwa kati ya prosesa na kipoza, yaani chuma cha kuipozea) imekauka, beringi imechakaa, au kuna programu inayoitumikisha prosesa kuliko zamani. Feni za ziada zitakificha kitu hicho kwa muda, nacho kitaendelea kukua.

Lakini rafiki yako hajakosea kabisa. Kelele ya feni inafuata kasi yake, tena inaifuata kwa ukali. Ukipunguza mizunguko kwa nusu, hewa inapungua kwa nusu, ila kelele inashuka takriban desibeli 15, na sikio huhesabu desibeli 10 kama sauti iliyopungua nusu. Hata asilimia 20 tu ya kasi ikiondolewa, desibeli karibu 5 zinaondoka nayo. Upande wa pili, feni mbili zinazolingana zikiwa zinazunguka pamoja zinazidi moja kwa desibeli 3 tu. Ndiyo maana feni mbili za polepole ni kimya kuliko moja inayokimbia. Sharti ni kwamba zizunguke polepole kweli, na haziwezi kuzunguka polepole iwapo joto limekwama mahali ambapo hewa haifiki. Kwa hiyo kila utakachofanya kwenye mashine hii kipime kwa swali moja: je, kinaipa feni ruhusa ya kupunguza mwendo?

Sikiliza kabla ya kushika bisibisi

Viringisha karatasi iwe bomba, weka ncha moja sikioni na nyingine karibu na kila feni bila kuigusa. Sauti zenyewe zinajieleza. Mvumo wa hewa unaopanda kazi ikiongezeka ni joto, au ni mpangilio mbaya wa kasi ya feni. Mkwaruzo unaosikika mashine ikiwashwa ingali baridi, kisha ukapungua baada ya dakika chache, ni beringi iliyoishiwa ulainisho. Tone la mafuta huituliza kwa muda mfupi tu, feni hiyo ni ya kubadilisha. Tiki-tiki-tiki ya haraka karibu kila mara ni waya unaogusa mapanga. Mngurumo mzito unaousikia hata ukiweka kiganja juu ya meza ni diski ngumu: ile ya mizunguko 7200 kwa dakika inatetema mara 120 kwa sekunde, na bati la kasha linaukuza mtetemo huo kama ngozi ya ngoma.

Kuna mlio mwingine mwembamba kama wa mbu, unaobadilika picha zikienda kasi kwenye skrini. Huo hautoki kwenye feni. Ni koili za kadi ya michoro au za pawa saplai, na hautaondoka hata ukibadilisha feni zote. Kuweka ukomo wa fremu, yaani idadi ya picha zinazotengenezwa kwa sekunde, mara nyingi huupunguza.

Wewe umesema zinapanda na kushuka, na prosesa iko nyuzi 92. Hiyo ni joto pamoja na mpangilio mbaya, na joto ndilo la kwanza.

Pima, tena pima wati pamoja na nyuzi

Kwenye Windows tumia programu ya HWiNFO. Kwenye Linux weka lm-sensors, endesha amri ya sensors-detect mara moja, kisha sensors kila unapotaka kusoma. Andika mambo manne: joto la chumba, joto la prosesa, wati inazotumia prosesa, na mizunguko ya kila feni. Chukua vipimo mashine ikiwa imepumzika dakika 10, halafu ipe kazi nzito, iwe Cinebench, programu ya kupima nguvu ya prosesa, kwa dakika 10 au mchezo wako mwenyewe kwa dakika 20, kisha uandike tena.

Wengi husoma nyuzi tu, na nyuzi peke yake ni nusu ya habari. Nyuzi 92 kwa wati 140 chini ya kipoza kidogo kilichokuja na prosesa si ajabu, kwani vipoza vya namna hiyo vingi vimekusudiwa prosesa za daraja la wati 65. Nyuzi 92 kwa wati 60 ni ugonjwa. Aina ya prosesa nayo ina neno lake: Ryzen za mfululizo wa 7000 zimeundwa kupanda hadi nyuzi 95 zikipewa kazi nzito, na prosesa nyingi za Intel hujipunguza zenyewe zikikaribia nyuzi 100. Usisahau chumba pia. Kipoza hakiwezi kushusha joto chini ya hewa inayokizunguka, hivyo chumba kikitoka nyuzi 22 kwenda 32, kila namba ndani ya kasha inapanda karibu 10, na hakuna kilichoharibika.

Sasa tazama namna joto linavyopanda, kwa sababu hapo ndipo mashine inakuonyesha ilipoumia. Likiruka kutoka nyuzi 40 hadi 85 au 90 ndani ya sekunde moja au mbili baada ya kazi kuanza, joto haliondoki kwenye prosesa kuingia kwenye kipoza: tatizo ni pesti, au kipoza hakijakaa sawa. Likipanda taratibu kwa dakika kumi, kumi na tano, basi hewa ya ndani ya kasha ndiyo inayochemka. Thibitisha kwa kufungua bati la ubavuni na kurudia kazi ileile. Joto likishuka nyuzi 2 au 3 tu, kasha halina hatia. Likishuka 8 au zaidi, kasha halipumui. Katikati ya hapo, kila upande una sehemu yake.

Kabla ya hayo yote fungua orodha ya programu zinazoendeshwa na uitazame dakika mbili mashine ikiwa haina kazi. Prosesa inayokula asilimia 25 bila sababu ina mgeni: ukurasa wa kivinjari uliosahaulika, programu ya virusi inayokagua diski, au programu ya siri inayochimba sarafu za kidijitali. Vumbi huwezi kulipangusa kwa kipanya, lakini hawa unaweza kuwaondoa bila kugusa skrubu hata moja.

Vumbi

Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma tupu cha kasha ili umeme tuli wa mwilini utoke. Tumia brashi laini na blowa ya mkono, au kopo la hewa ya mgandamizo lililoshikwa wima. Ukiliinamisha, linatoa kimiminika cha baridi kali badala ya hewa.

Zuia mapanga kwa kidole au kijiti cha plastiki kila unapopuliza. Feni ikizungushwa na upepo wa blowa inakimbia kupita kasi ambayo beringi yake imeundwa kuistahimili, na mota yake inaweza kugeuka kuwa jenereta inayorudisha umeme kwenye ubao mama. Mashine ya kufyonza vumbi usiisogeze karibu na saketi kwa sababu ya umeme tuli. Itumie kwenye machujio na sakafu tu.

Mahali panaposahaulika ni kati ya feni ya prosesa na mapezi ya kipoza. Ukitazama juu unaona mapanga yenye vumbi kidogo, unaridhika. Toa feni yenyewe, na chini yake mara nyingi utakuta vumbi limeshikana kama kipande cha blanketi, limeziba kabisa nafasi kati ya mapezi. Hapo feni inakimbia huku hewa haipiti: kelele ipo, ubaridi haupo. Kadi ya michoro ina blanketi lake pia, upande wa ndani wa feni zake. Puliza kutoka upande ambao hewa huwa inatokea, ili vumbi lirudi lilikoingilia. Machujio osha kwa maji na yakauke kabisa kabla ya kuyarudisha.

Pawa saplai pulizia kwa nje kupitia matundu yake. Usiifungue. Ndani mna kapasita zinazoweza kubaki na umeme wa hatari hata baada ya waya kuchomolewa.

Pima tena kabla ya kuendelea. Ukifanya mambo matatu kwa mkupuo hutajua lipi lilikuponya.

Pesti ya joto

Ikiwa nyuzi bado zinaruka papo hapo, toa kipoza. Ifanyishe mashine kazi dakika 5 hadi 10 kwanza ili pesti ilainike, ndipo uzime na kuchomoa. Kama prosesa yako ni AMD ya soketi ya AM4, pini ziko kwenye prosesa yenyewe, na pesti iliyokauka inaweza kuing'oa prosesa kutoka kwenye soketi ijapokuwa kishikizo kimefungwa. Kizungushe kipoza kidogo kushoto na kulia mpaka ukihisi kimeachia, halafu ndipo ukiinue. Kwenye AM5 na soketi za Intel za siku hizi pini ziko upande wa soketi, na prosesa imebanwa na fremu ya chuma, kwa hiyo hatari hiyo haipo.

Futa pesti ya zamani pande zote mbili kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na kitambaa kisichoacha nyuzi. Pesti mpya inatosha tone la milimita 4 au 5 katikati, ukubwa wa punje ya njegere ndogo. Kwa prosesa pana chora alama ya X nyembamba. Usiisambaze kwa kidole. Shinikizo la kipoza litafanya kazi hiyo bila kuacha viputo vya hewa. Ikizidi kidogo inachafua tu, ikipungua inaacha pembe kavu, kwa hiyo ukikosea, kosea kwa kuzidisha. Ile pesti ya metali ya kimiminika iache kabisa: ina galiamu, na galiamu inaila alumini, ambayo ndiyo chuma cha vipoza vingi vya kawaida. Tena inapitisha umeme.

Skrubu kaza kwa mshazari, nusu mzunguko kila moja kwa zamu, ili kipoza kishuke kikiwa sawa. Kipoza cha Intel chenye vishikizo vinne vya plastiki ndicho kinachowasumbua watu wengi kuliko vyote. Kila kishikizo lazima kilie kikiingia, na ukitazama nyuma ya ubao mama uone ncha zote nne zimetokeza na kutanuka. Kimoja kikiwa hakijashika, pembe moja ya kipoza inainuka kwa unene wa karatasi, nawe unarudi kwenye nyuzi 92 huku ukiilaumu pesti. Ukinunua kipoza kipya, bandua karatasi ya plastiki iliyo chini yake. Hilo linasahaulika kuliko mtu anavyoweza kuamini.

Rudisha waya wa feni kwenye kiunganishi kilichoandikwa CPU_FAN. Ukiuweka kwingine, mashine nyingi zitalalamika zikiwaka au zitakataa kuendelea.

Punguza joto lenyewe

Hapa ndipo ningekushauri utumie muda mwingi, kwa kuwa ni bure na ndipo watu wanaporuka. Kila wati usiyoizalisha ni wati ambayo hakuna feni itakayohangaika kuitoa. Watengenezaji huzisukuma prosesa mpaka ukingoni mwa uwezo wake, na kipande cha mwisho cha kasi kinagharimu umeme usiolingana na faida yake. Umeme unaotumika hufuata kasi ya prosesa ikizidishwa kwa mraba wa volti. Ukishusha volti kutoka 1.30 hadi 1.15 kwa kasi ileile, matumizi yanapungua takriban asilimia 22.

Kwa AMD, tafuta ndani ya BIOS, ile mipangilio inayofunguliwa mashine ikiwaka, kipengele cha Eco kinachoshusha ukomo wa wati. Prosesa ya AM4 iliyoandikwa wati 105 inaruhusiwa kufika wati 142. Ukiipangia daraja la wati 65, ukomo wake unakuwa 88. Kwa Intel kuna viwango viwili, PL1 cha muda mrefu na PL2 cha muda mfupi, na bao mama nyingi hutoka kiwandani vikiwa vimelegezwa mno ili mashine ionekane na kasi zaidi. Virudishe kwenye namba zilizoandikwa na mtengenezaji wa prosesa. Ukitaka jaribio la dakika moja, ingia kwenye mipangilio ya kina ya umeme ya Windows na, kama kipengele hicho kinaonekana, shusha ukomo wa juu wa prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Asilimia hiyo moja inazima turbo, yaani kasi ya ziada ya prosesa, kwenye mashine nyingi, na joto linaporomoka papo hapo. Ni dawa butu, lakini inakuonyesha kelele yako ina uhusiano gani na turbo.

Kadi ya michoro ni rahisi zaidi. Kwa mashine ya michezo ndiyo inayotoa joto jingi kuliko kitu chochote ndani ya kasha, na joto hilo linaishia kwenye hewa inayovutwa na kipoza cha prosesa. Fungua programu ya MSI Afterburner, shusha ukomo wa umeme hadi asilimia 80, cheza dakika 20, usikilize. Mara nyingi hasara ya fremu ni ndogo hata hutaiona bila kupima. Halafu weka ukomo wa fremu ulingane na skrini: skrini ya hezi 60 haiwezi kukuonyesha fremu 180, ila kadi itachemka ikizitengeneza zote. Kupunguza volti za kadi pia kunafaa. Shuka hatua ndogo ndogo, milivolti 25 kila mara, na mchezo ukianguka rudi hatua moja au mbili juu.

Sasa, zile feni mbili

Hesabu yake ni fupi. Zidisha wati zote za ndani ya kasha kwa 3, gawanya kwa mita za ujazo za hewa zinazopita kwa saa, upate nyuzi ambazo hewa ya ndani inazidi ya chumba. Wati 300 na mita 90 za ujazo kwa saa ni nyuzi 10. Hewa ikiwa 45 unapata 20. Ikiwa 180 unapata 5. Hivyo kutoka hewa haba hadi ya wastani unaokoa nyuzi 10, lakini ukiiongeza maradufu tena unaokoa 5 tu. Na namba iliyochapishwa kwenye boksi la feni ilipimwa bila kizuizi. Ikiwa nyuma ya chujio na matundu madogo, tegemea pungufu sana.

Ikiwa jaribio la kufungua bati lilishusha nyuzi 8 au zaidi, ongeza feni moja, mbele, ya kuingiza. Chagua ya milimita 140 kama kasha linaipokea, au 120. Pima umbali wa matundu ya skrubu kabla ya kununua: milimita 105 kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya jirani yake ni feni ya 120, na milimita 124.5 ni ya 140. Feni ya pili ya nyuma au juu, kwa mashine yenye feni moja tu ya kuingiza, ningeiacha. Itavuta hewa kupitia kila upenyo usio na chujio na kukuletea vumbi ulilolifukuza jana. Hewa inayoingia izidi kidogo inayotoka.

Mwelekeo uthibitishe. Feni nyingi zina mshale pembeni. Zisizo nao, hewa hutokea upande wenye mikono inayoshikilia mota. Kipande cha karatasi ya shashi kinamaliza ubishi: mbele kinyonywe, nyuma kipeperushwe. Mpangilio wa kawaida ni mbele chini kuingia, nyuma na juu kutoka. Feni ya juu iliyo karibu na upande wa mbele wa kasha ni mtego, kwa sababu inaitoa hewa baridi kabla haijafika kwenye prosesa.

Kasha lenyewe liache sentimita 10 hadi 15 nyuma yake, na lisikae ndani ya kabati la meza lililofungwa. Jambo moja zaidi kuhusu kelele: kizuizi kilicho karibu na mapanga upande wa kuvuta hewa kinapiga sauti kuliko kilicho upande wa kutoa. Feni ya mbele iliyobanwa moja kwa moja kwenye bati la matundu inaweza kutulia ukiisogeza ndani milimita 5 hadi 10 tu, kwa vipande vya mpira ambavyo pia vitazuia mtetemo usiingie kwenye bati.

Kupanda na kushuka: grafu ya feni

Hata mashine isiyo na joto inaweza kukuudhi hivi. Joto la prosesa linaruka nyuzi 15 kila ukifungua ukurasa, na feni iliyopangwa kufuata kila mruko inapiga kelele kama mtoto anayecheza na swichi. Sikio linavumilia mvumo usiobadilika. Mabadiliko ndiyo yanayochosha.

Ingia kwenye BIOS, kwa kawaida kwa kubonyeza Delete au F2 mashine ikiwaka, ufungue ukurasa wa feni. Kwanza hakikisha aina. Feni ya pini 4 iwekwe kwenye PWM, inayodhibiti kasi kwa ishara ya umeme, na ya pini 3 kwenye DC, inayopunguza volti. Feni ya pini 3 ikipangwa PWM inakimbia kasi ya mwisho muda wote, na kosa hilo tu limewafanya watu wanunue feni mpya bila haja. Kwa DC usishuke sana. Chini ya volti 5 hivi feni nyingi zinashindwa kuanza kuzunguka.

Kwa feni ya prosesa grafu, yaani kasi kwa kila joto, ianze hivi: asilimia 30 hadi nyuzi 50, asilimia 40 kwenye nyuzi 65, 55 kwenye 75, 80 kwenye 85, na 100 kwenye 90. Kisha tafuta muda wa kusubiri kabla ya kubadili kasi. Weka sekunde 3 hadi 5 kwa kupanda na 10 au zaidi kwa kushuka, au kiasi kikubwa zaidi ubao wako unachoruhusu. Chuma cha kipoza kinaweza kumeza mruko wa sekunde mbili bila msaada wa feni.

Feni za kasha zisifuate prosesa. Zifuate joto la ubao mama au la kadi ya michoro, ambalo hupanda polepole. BIOS nyingi hazisomi joto la kadi, hivyo kwenye Windows tumia programu ya FanControl, inayoweza kuchukua joto kubwa zaidi kati ya prosesa na kadi. Kwenye Linux, pwmconfig itakuandikia mpangilio unaotumiwa na fancontrol.

Halafu tafuta mahali kasha linapoimba. Pandisha feni asilimia 5 kwa kila hatua na usikilize. Karibu kila kasha lina kasi moja au mbili ambapo bati linaitikia kwa mngurumo. Ipange grafu ivuke hapo kwa mruko, isikae. Na feni mbili za aina moja zilizo jirani zikizunguka karibu sawa, lakini si sawa kabisa, zinatoa wuu-wuu-wuu inayopanda na kushuka taratibu. Tofautisha kasi zao kwa mizunguko 50 hadi 100 na sauti hiyo inapotea.

Kadi nyingi za michoro husimamisha feni zikiwa baridi. Ni jambo zuri, ila kazi nyepesi ikiishikilia kadi kwenye mpaka wa kuwasha na kuzima, zitaanza na kusimama kila dakika. Afadhali uziache zizunguke asilimia 30 muda wote.

Ukimaliza, jaribu kwa dakika 30. Prosesa ya umri wa yako ikibaki chini ya nyuzi 85, kadi chini ya 80 na kidogo, SSD ya NVMe chini ya 70 na diski ngumu chini ya 45 au 50, shusha kasi tena kidogo. Usikimbilie kuipoza mashine hadi nyuzi 60 kwa gharama ya makelele.

Ikiwa kuna kitu cha kununua

Kama wati ziko sawa, pesti ni mpya na bado feni ya prosesa inapita mizunguko 2500, kipoza hicho kimefika mwisho wake. Kipoza cha mnara chenye mabomba manne ya joto na feni ya milimita 120 kinafanya kazi hiyohiyo kwa mizunguko 700 hadi 900, na kwa kelele hakuna ununuzi mmoja unaokishinda. Pima kutoka uso wa prosesa hadi bati la ubavuni, kwa kuwa vingi vina kimo cha milimita 150 hadi 165, na uangalie kama hakitagonga vijiti vya RAM. Mfumo wa maji si lazima uwe kimya zaidi. Pampu ina sauti yake, na ukiusimamisha vibaya, pampu ikawa juu kuliko rejeta yote (sehemu inayopoza maji), hewa inakusanyika ndani yake na kugugumia.

Pawa saplai badilisha tu ikiwa karatasi yako ya kusikilizia imeishtaki. Ikitoa wati 400 kwa ufanisi wa asilimia 85, inavuta 470 ukutani na 70 zinabaki ndani yake kama joto. Kwa asilimia 92 zinabaki 35. Nusu ya joto, kwa hiyo feni yake inapumzika. Diski ngumu inayotetema iweke juu ya mpira, au uhamie SSD.

Sponji za kubandika ndani ya kasha ziache. Zinameza sauti nyembamba kidogo tu, huku zikilifunika kasha blanketi. Kuacha bati la ubavuni wazi moja kwa moja nako hakufai: kelele inakufikia bila kizuizi, na hewa iliyotakiwa kupita juu ya kadi na diski inapotelea pembeni.

Vipimo vyako vya mwisho, yaani chumba, wati, nyuzi na mizunguko, viandike kwenye kipande cha karatasi ukibandike upande wa ndani wa bati. Baada ya miezi mitatu rudia kazi ileile. Nyuzi zikiwa zimepanda 5 kwa wati zilezile na chumba kilekile, chukua brashi, anza na machujio.